Jumatano za Kiayalandi

Siku waliyoniaga, mwalimu mkuu alisoma risala ndefu. Alitaja vyeo nilivyopanda, shule nilizohamia na semina nilizohudhuria, nami nikakaa pale mbele na khanga mpya begani nikijiuliza huyo mtu anayesemwa ni nani. Mikumi hakuitaja hata mara moja. Ile miaka minne niliyokaa kule Mikumi nje ya kazi ya serikali haimo kwenye jalada langu la utumishi, kwa hiyo kwa upande wa serikali ni kama nilikuwa nimelala. Tulipomaliza kula pilau, walimu wawili vijana wakanifuata. "Mama, tuandikie basi," wakasema. "Siyo ya kwenye risala. Ya darasani."

Sasa nimekaa nyumbani kwangu Magomeni, hapa Kilosa mjini, na hakuna kengele ya kunikatiza. Nawaandikia. Nawaambia mapema kwamba nina hasira. Watu hudhani mtu akistaafu, na hasira zake zinastaafu.

Kazi niliianza Mvumi, nikiwa nimetoka chuoni na sanduku la bati na viatu vilivyonibana. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa Mwalimu Senyagwa, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa shati lilelile jeupe lililopigwa pasi ya mkaa mpaka likang'aa. Alinikalisha nyuma ya darasa lake siku tatu nzima bila kuniruhusu kugusa chaki. "Kwanza uone watoto wanafanya nini mwalimu anapowageuzia mgongo," aliniambia. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika ubaoni nikiwa nimesimama upande, kuvunja ncha ya chaki ili isipige kelele, na kuuliza swali kwanza ndipo nitaje jina, kwa sababu ukitaja jina kwanza wengine wote wanaacha kufikiri. Alinifundisha kutengeneza zana kwa vifuniko vya soda, mabua na maboksi ya sabuni. Hayo yote namshukuru mpaka leo.

Siku ya nne mtu huyohuyo akanipa kibao. Kilikuwa kipande cha mbao chenye tundu na kamba. Mtoto akisikika anaongea kilugha, kilugha maana yake lugha ya kwao, anavalishwa shingoni. Anakaa nacho mpaka amsikie mwenzake, amhamishie. Atakayekutwa nacho kengele ya kwenda nyumbani ikilia, anachapwa. Mimi niliyelelewa kwa Kikaguru, niliyeambiwa hadithi zote za maisha yangu kwa Kikaguru, nilikipokea kile kibao kama nilivyoipokea chaki. Nilidhani ni zana.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Chausiku, msemaji kweli, anayejibu swali kabla halijaisha. Alikaa na kibao siku nne mfululizo. Baada ya hapo hakusema tena darasani, si kwa Kikaguru, si kwa Kiswahili, mpaka alipoacha shule. Kwenye ripoti yake niliandika neno moja: mtulivu.

Basi nilifundisha huko na kwingine kwa miaka, nikaolewa, nikazaa, mpaka mume wangu alipohamishiwa karakana ya barabara kule Mikumi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa, mitumba ikatandazwa hadi kwenye mitaro, na kila mwenye nyumba kando ya barabara kuu akafungua gesti. Tena ikaruhusiwa watu binafsi kufungua shule. Mimi nikaomba uhamisho, nikaambiwa nafasi hakuna, nikaacha kazi ya serikali nikaenda kwenye shule mpya ya Kiingereza iliyofunguliwa na mfanyabiashara mmoja wa pale. Jina lake sitalitaja. Tulimwita Mkurugenzi, na yeye alipenda tumwite hivyo.

Nisimseme vibaya kuliko anavyostahili. Siku aliyoniajiri alinisimulia kwamba ujanani aliitwa kwenye usaili wa kazi nzuri, akaulizwa swali moja kwa Kiingereza, akashindwa kulijibu, wakacheka. "Waliniangusha kwa swali moja, Mwalimu Zuhura," aliniambia. "Mtoto atakayepita hapa kwangu hatachekwa." Nilimwelewa. Ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kumkasirikia.

Sheria ya shule ilikuwa Kiingereza tu, kuanzia getini. Na kibao kilikuwepo. Hiki kilikuwa cha kisasa: kimepakwa rangi nyeupe, kimeandikwa kwa Kiingereza, herufi kubwa nyekundu, kwamba mimi ni mjinga. Sisi walimu tulikuwa tukifunga mlango wa ofisi yetu na kuongea Kiswahili kwa sauti ya chini kama watu wanaopanga kuiba.

Siku ya kwanza ya muhula wangu wa pili niliita majina kwenye daftari la mahudhurio nikafika kwenye jina "Aine". Nikalisoma kama lilivyo. Hakuna aliyeitika. Nikarudia. Akasimama msichana wa Kizungu wa miaka tisa, nywele rangi ya udongo wa matofali, mguuni ana kandambili kama wenzake.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi naitwa Onya."

Darasa likaangua kicheko. "Onya nani?" mmoja akauliza.

"Onya tu," akasema, bila kukasirika, kama mtu aliyeshaulizwa mara nyingi. "Kwetu linaandikwa hivyo, linasomwa hivi."

Nilipaswa kumwandika kwa kuongea Kiswahili. Sikumwandika, niliona aibu kuanza naye. Mdogo wake, Kolum, alikuwa darasa la kwanza, ana miaka sita na mapengo mawili mbele. Wote wawili walizaliwa Morogoro na kukulia Mikumi. Baba yao alikuwa injinia wa visima, wiki nzima yuko vijijini. Mama yao, tuliyemwita Mama Onya, alikuwa mkunga, akizunguka na gari la kliniki. Wazazi hao walitoka Ayalandi. Mimi wakati huo nilidhani Ayalandi ni mkoa wa Uingereza, na ninaandika hivyo ili mjue mwalimu wa Maarifa ya Jamii anaweza kufikia wapi.

Mwezi wa tatu hivi Mama Onya akaja shuleni saa ya mapumziko, bado na sare ya kliniki.

"Mwalimu, hujambo. Nina shida. Mama yangu amepata kiharusi."

"Pole sana, dada. Anaendeleaje?"

"Anakaa, anakula. Lakini Kiingereza kimemtoka chote. Alikipata shuleni, na kimeondoka. Kimebaki Kiayalandi, lugha ya nyumbani kwetu."

"Na watoto?"

"Watoto wana Kiswahili, na Kiingereza cha baba yao, yeye hakukulia kwenye lugha ile. Kiayalandi wanakisikia nikiwagombeza tu." Akacheka kidogo halafu akaacha. "Krismasi tunakwenda. Wakifika pale mabubu, mama yangu ataona nimemletea wageni. Mimi najua kukisema, Mwalimu. Kukifundisha sijui."

Hilo ni ombi ambalo mwalimu hupewa mara chache: mtu mzima anakiri kwamba kufundisha ni kazi, na kwamba yeye haiwezi. Nilikubali papo hapo. Tukachagua Jumatano baada ya vipindi, wakati wenzao wako kwenye michezo, kwenye chumba cha mwisho kilichokuwa kinahifadhi madawati mabovu.

Jumatano ya kwanza Mama Onya alikuja na karatasi mbili zilizojaa vitenzi. Onya alipiga mwayo, Kolum akaingia chini ya dawati. Nikamwambia mama yao aziweke mkobani, asizitoe tena, na Jumatano inayofuata aje na birika, vikombe, maji, maziwa na kisu. Tukafanya jiko la kuigiza. Hakuna kutafsiri. Akitaka maji, aombe maji kwa lugha ile, asipoomba hapati. Nikakata kadi za manila, Onya akazichora. Mama Onya aliona ajabu, lakini mnajua wenyewe: mtoto hajifunzi neno, anajifunza kupata kitu.

Salamu zao zilinishangaza. Mmoja anasema "Dia duit", yaani Mungu awe nawe. Anayejibu haruhusiwi kurudisha ileile, lazima aongeze: Mungu na Maria wawe nawe. Nikamwambia Mama Onya hata sisi Waislamu tumefundishwa kujibu salamu kwa iliyo bora zaidi, na akasema, "Basi bibi yangu na bibi yako wangeelewana getini tu."

Mtoto wa tatu alijileta mwenyewe. Aliitwa Nkwimba, binti wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Baba yake aliuza ng'ombe ili asome pale. Alisimama mlangoni Jumatano mbili, ya tatu akaingia. Kuliko wote, huyo ndiye aliyeshika haraka. Alikuwa amezoea kubeba lugha tatu, ya nne haikumlemea. Na huyohuyo Nkwimba ndiye aliyekuwa akivaa kibao kuliko mtoto yeyote shuleni, maana akifurahi Kisukuma kinamtoka. Nilimwona nacho karibu muhula mzima. Nilipita, nikasema "good morning", nikaendelea na zangu.

Mkurugenzi alikuwa anawatangazia wazazi kwamba Jumatano Mzungu anafundisha Kiingereza cha ziada. Hatukumwambia hivyo, alijiambia mwenyewe. Siku moja akamleta mzazi mmoja tajiri aje asikie. Wakasimama dirishani. Nikaona uso wa Mkurugenzi unakunjamana.

"Madam, hiki ni Kiingereza cha wapi?"

"Siyo Kiingereza," Mama Onya akasema. "Ni lugha yetu. Kiayalandi."

"Yaani ni kilugha?"

"Ukipenda."

"Na nyinyi mna vilugha?" Alishtuka kweli, kama mtu aliyeambiwa kwamba ndege nazo zinatembea kwa miguu kwenda kazini. Halafu akanigeukia mimi, si yeye. "Mwalimu Zuhura, kwenye shule yangu! Kuanzia leo hakuna."

Chumba kikafungwa kufuli. Tulifanya makosa ya kutowaeleza watoto vizuri kwamba kilichopigwa marufuku siyo ile saa tu, ni lugha yenyewe. Jumatatu, wakati wa mapumziko, Kolum akamfuata dada yake pale bombani akamwomba maji kwa Kiayalandi, kama alivyofundishwa: asipoomba hapati. Mwalimu wa zamu alikuwa nyuma yake.

Nilikuwa nasahihisha madaftari alipokuja kusimama mbele ya meza yangu na kile kibao kimemfika tumboni. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa bado hajui kusoma.

"Mwalimu, imeandikwa nini?"

Mimi, niliyefundisha watoto wengi kusoma kuliko ninavyoweza kuwahesabu, sikuweza kumsomea. Nikasema, "Nenda kamwite dada yako." Onya akaja, akasoma, akawa mwekundu mpaka shingoni. Akamwambia mdogo wake sikioni. Sijui alitumia lugha gani. Tabasamu lilimtoka Kolum taratibu, kisha akaanza kulia, na mkojo ukamtoka pale alipokuwa amesimama.

Mchana Mama Onya akaja kuwachukua. Nilitarajia afoke. Hakufoka. Alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kidevuni, akakiweka kile kibao mapajani.

"Babu yangu alivaa kijiti," akasema. "Shingoni, kwa uzi. Akisema neno moja la Kiayalandi, kijiti kinakatwa alama. Jioni wanahesabu alama, anachapwa kwa idadi hiyo."

"Waingereza walikuwa wakatili," nikasema.

"Aliyekuwa anakata alama hakuwa Mwingereza, Mwalimu. Alikuwa mwalimu wa kijiji. Jirani yetu. Alikuwa anaongea Kiayalandi akifika nyumbani kwake."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi siyo mwalimu wa namna hiyo. Nikamkumbuka Chausiku wa Mvumi, nikafunga mdomo. Nataka muelewe vizuri hasira ninayoizungumzia, vijana wangu. Ningependa kusema nilimkasirikia Mkurugenzi. Nilimkasirikia, ndiyo. Lakini nilipotazama dirishani nikamwona Nkwimba anafagia uwanja, ndipo iliponipanda hasira yenyewe. Mtoto yule alivaa neno lile kifuani muhula mzima nisione. Ilibidi livaliwe na mtoto wa Kizungu siku moja ndipo macho yangu yafunguke. Nani alinilea hivyo? Chuo kipi kilinipa cheti?

Niliingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Kile kibao kiondoke," nikasema.

"Sheria ni ya wote, Mwalimu. Nikimwondolea Mzungu, watu watasema nabagua."

"Ndiyo nasema. Wote waondolewe."

"Wazazi wanataka Kiingereza."

"Na mimi nakifundisha, nakifundisha vizuri. Mtoto hajifunzi lugha kwa kuitwa mjinga. Na hapa ndani sasa hivi, nani anaongea Kiingereza?"

Akanitazama. Kwenye ukuta nyuma yake kulikuwa na kalenda ya duka lake la mabati. "Usinivunjie heshima, Mwalimu Zuhura," akasema polepole. "Wewe hukuchekwa."

"Na wewe ulipochekwa, ulipenda?"

Akafungua droo, akaifunga. Nikatoka.

Kesho yake asubuhi zamu ilikuwa yangu mstarini. Watoto wamejipanga, walimu wamesimama nyuma, Mkurugenzi yuko kwenye ngazi ya ofisi. Mama Onya alikuwa amekirudisha kibao kwa mwalimu wa zamu, nacho jana hiyohiyo kikamrudia Nkwimba, akalala nacho kwao kwa desturi ya shule, na sasa alikuwa amekivaa. Nikasimama mbele nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Watoto, hamjambo?" Wakatazamana. Mmoja mmoja, kwa woga, wakajibu, "Shikamoo Mwalimu." Nikasema, "Marahaba." Kisha nikaongeza sentensi mbili za Kikaguru, za kuwatakia siku njema, kama bibi yangu alivyokuwa akinitakia. Nikamwendea Nkwimba, nikamvua kibao, nikajivalisha.

"Sheria ni ya wote," nikasema. "Nimekutwa."

Nilifundisha siku nzima nikiwa nacho. Nilifundisha kwa Kiingereza kilichonyooka, wala hakuna kipindi nilichopunguza. Saa sita nikaenda sokoni kununua nyanya, nikapita stendi, malori yamesimama, akina mama wauza vitunguu wamepanga mafungu yao.

"Mwalimu, umeandikwa nini hapo?"

"Nimeandikwa kwamba mimi ni mjinga."

"Haa! Kwa kosa gani?"

"Nimewaamkia watoto kwa Kiswahili."

Nilitafsiri maneno yale mpaka koo likakauka. Mwanamke mmoja alicheka, halafu akaacha ghafla akaniuliza, "Na hicho ndicho wanachovalishwa wanetu?" Nikamwambia ndicho. Akaita wenzake.

Saa tisa wazazi walikuwa wamejaa getini. Msidhani wote walikuja kunitetea. Mwenye gesti kubwa alisema hadharani kwamba mwalimu huyu anawaharibia watoto, yeye anataka Kiingereza, hata wakivalishwa tairi sawa tu. Wengi walimpigia makofi. Wengine wakamzomea. Dereva mmoja wa lori akauliza mbona mwanawe huu mwezi wa tatu akirudi nyumbani haongei mezani.

Katikati ya makelele akaja mama yake Nkwimba. Hakuwahi kufika shuleni. Kiswahili chake kilikuwa kizito, alikuwa akichagua neno moja moja. Akakishika kile kibao kifuani kwangu.

"Hiki," akasema, "mwanangu aliniambia ni cha kiongozi wa darasa."

Akawageukia wazazi wenzake.

"Nilimpikia nyama," akasema. "Siku ya kwanza aliyorudi nacho. Nilimchinjia kuku."

Nkwimba alikuwa amejificha nyuma ya ukuta wa darasa. Mama yake akapitisha mkono juu ya kichwa changu, akanivua kibao kwa heshima, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo, akakitumbukiza kwenye kikapu chake chenye viazi, akaenda kumchukua binti yake. Hakuna aliyemzuia. Sikuuliza alikwenda kukifanyia nini.

Barua ya kuniachisha kazi niliipata asubuhi iliyofuata. Iliandikwa kwa Kiingereza, ina makosa matatu. Nikayasahihisha kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni "rudia", nikamrudishia. Ni jambo la kitoto, najua. Sijalijutia.

Nilikwenda kwa ofisa mmoja wa elimu kulalamika, si kwa ajili ya kazi yangu, kwa ajili ya kile kibao. Alinikaribisha vizuri, akanisikiliza, akaniambia nitumie busara. Binti yake mwenyewe alikuwa anasoma shule ile. Na wiki mbili baadaye kibao kipya kikatengenezwa, rangi ileile. Lakini kilichonichoma zaidi ni bango. Mkurugenzi alisimamisha bango jipya kando ya barabara kuu, basi la Iringa likipita abiria wote wanalisoma, linalosema hapa watoto wanafundishwa lugha za Ulaya. Lugha, kwa wingi! Mama Onya alipoliona alisimamisha gari la kliniki, akashuka, akalitazama, akacheka mpaka akaegemea mlango. Mimi sikuweza kucheka. Alikuwa amekwisha kuwahamisha watoto wake kwenda shule ya serikali, chumba kimoja na watoto wasioweza kuhesabika, na Kolum akajifunza kusoma huko ndani ya muhula mmoja.

Jumatano zikahamia kwenye veranda yangu. Nkwimba akaja, na wadogo zake wawili. Mwezi wa tisa surua ikaingia vijijini, Mama Onya akawa haonekani, anaondoka alfajiri na chanjo. Akaniuliza kama tuahirishe. Nikamwambia hapana, Krismasi haitaahirishwa. Basi mimi niliyekuwa najifunza pamoja na watoto nikawa mwalimu. Niliendesha Jumatano zile peke yangu, na siku nyingine za katikati pia, kwa kadi zilezile na maneno niliyoyaandika kwenye daftari kwa herufi za Kiswahili, nilivyoyasikia. Onya alikuwa ananirekebisha. Kolum hakunirekebisha, alimeza kila nilichosema.

Siku ya kuondoka walipita kuniaga, koti zao za baridi zimekunjwa mikononi kwa sababu ya joto. Kolum akaniambia "slán", yaani kwaheri. Nilibaki na wasiwasi wa mtihani kuliko watahiniwa.

Waliporudi, mwezi wa kwanza, waliniletea sabuni yenye harufu ya maua na picha moja. Mama Onya akakaa kwenye kiti changu, akanisimulia. Siku mbili za mwanzo mama yake alikaa karibu na moto, akiwatazama wajukuu, hakusema. Onya alimwamkia kwa adabu zote, akaitikiwa kwa kichwa. Watu wa nyumba ile wakasema ndivyo alivyo sasa, miezi mingi haongei, msimchoshe. Mama Onya alikwenda kulia chooni.

Siku ya tatu, wakati wa chai, Kolum alimwomba bibi yake mkate. Neno la mkate kwao ni "arán", sauti inavutwa mwishoni. Mimi nililifundisha kama Mswahili yeyote angelisema, nguvu mwanzoni, kama jina la duka la Mwarabu. Kolum akalisema kama mimi.

Bibi akageuza shingo. Akalirudia neno lile kwa usahihi, kwa sauti kali. Kolum akalirudia vibaya. Bibi akagonga fimbo sakafuni, akamwita karibu, akamshika kidevu.

"Kosa lile lilikuwa langu," nikamwambia Mama Onya. "Nisamehe."

Yeye alikuwa anafuta macho. Nikamgeukia Kolum, aliyekuwa amekaa sakafuni anakula karanga zangu.

"Bibi alikasirika sana?"

"Sana, Mwalimu," akasema. Alikuwa ameota jino moja. "Hakunyamaza tena mpaka tunaondoka."